Je, Käthe Kollwitz alimchuria mwanawe?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka sita. Mtandaoni nilikutana na picha ya Käthe Kollwitz, yule mchoraji Mjerumani, ya mwanamke uchi aliyemkumbatia mtoto aliyekufa. Ilinishika, sijui kwa nini, nikaiweka kwenye simu yangu iwe ndiyo inayotokea kila nikiiwasha. Mama mkwe akaiona, akaniambia niitoe, namchuria mjukuu wake. Nilicheka. Usiku wake nikasoma kwamba mtoto aliyechorwa pale alikuwa mwana wa mchoraji mwenyewe, na kwamba alikuja kufa kweli. Toka hapo sijacheka tena. Je, mama mkwe ana haki? Na kwa nini amchore mama yule kwa kutisha vile, hata sura ya mtu hana?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mama mkwe simcheki. Neno alilokuambia lina uzito, na sisi tuliolelewa na bibi tunalijua. Bundi akilia juu ya paa anachuria. Mtoto akijilaza chali akajifunika shuka gubigubi, uso na miguu, anavutwa sikio: unajichuria! Ukikaa umeshika tama na nyumbani hakuna msiba, unaulizwa unamlilia nani. Sasa huyo Käthe alijichora mara nyingi mno maishani mwake, na katika picha nyingi kati ya hizo ameshika tama, au paji la uso. Bibi yangu angemtimua barazani.

Kwa hiyo tulichukue swali kama lilivyo. Alimchuria?

Picha uliyoiona ni ya mwaka 1903. Ilichorwa kwa kukwaruza bamba la madini, bamba likaliwa na tindikali pale palipochorwa, likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Ndiyo maana nakala ni nyingi na hazifanani sawasawa. Mtoto ni Peter, kitinda mimba wake, wakati huo ana miaka saba. Mama alikaa mbele ya kioo, Peter mkononi, akawa anajichora huku amembeba. Jaribu kumshika mtoto wa miaka saba kwa mkono mmoja huku wa pili unachora. Alikuwa anaguna kwa uzito, na Peter akamtuliza: nyamaza mama, itakuwa nzuri. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe. Peter aliuawa Oktoba 1914, karibu na Diksmuide huko Ubelgiji, ana miaka 18, na vita havijatimiza hata miezi mitatu.

Na mama mkwe si wa kwanza kushtuka. Rafiki wa Käthe, Beate Bonus-Jeep, aliyesoma naye uchoraji, aliiona picha hiyo kwenye maonyesho ilipokuwa bado mpya. Ilibidi atoke nje kwanza, akijiuliza kama Peter mdogo amepatwa na jambo. Peter alikuwa mzima, anakwenda shule.

Basi mtoto mfu alitoka wapi, kama aliyebebwa alikuwa hai na anaongea?

Alitoka nyumbani kwao Käthe. Alizaliwa mwaka 1867 mjini Königsberg, Prussia, mji ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Mama yake alikuwa amezika watoto wake wawili wa kwanza kabla Käthe hajazaliwa, na baadaye akamzika mdogo wake, Benjamin, mtoto wa mwaka mmoja aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo. Käthe aliandika kumbukumbu za siku zile, na kuna mambo mawili ndani yake ambayo mimi nikiyasoma huwa nafunga kitabu kwanza.

La kwanza: familia iko mezani, mama anagawa supu. Mlango unafunguliwa, yaya anapaza sauti kwamba mtoto anatapika tena. Mama anasimama kimya, mwili umekakamaa, kisha anaendelea kugawa supu. Hakulia mbele ya watu. Käthe anasema alihisi pale mezani jinsi mama yake alivyokuwa anateseka.

La pili linakuhusu wewe moja kwa moja. Siku Benjamin alipokufa, Käthe alikuwa sakafuni anacheza na vipande vyake vya mbao. Alikuwa amesoma hadithi za miungu ya Wagiriki, akajenga hekalu la Venus na kuanza kumtolea sadaka. Wazazi wakaingia kumwambia kwamba mdogo wake amefariki. Akajua papo hapo: Mungu ananiadhibu kwa mchezo huu. Mtoto yule aliamini kwamba alichokijenga kwa mikono yake ndicho kilichomuua ndugu yake. Kwa maneno yetu, aliamini amechuria. Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo usidhani Käthe alikuwa Mzungu asiyejua hofu ya mama mkwe wako. Aliijua akiwa mdogo kabisa, na miaka mingi baadaye alimbeba Peter mbele ya kioo huku anaijua.

Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari, wakahamia Berlin, mtaa wa wafanyakazi wa Prenzlauer Berg. Karl aliwatibu watu wa kipato cha chini, na zahanati yake ilikuwa katika jengo lile lile walimoishi. Wanawake waliokuja na watoto wagonjwa walimaliza kwa Karl wakapita kwa mkewe, wakakaa, wakaongea. Miaka hiyo hapakuwa na antibiotiki, na mtoto kufa katika nyumba ya mfanyakazi hakukuwa habari ya gazetini. Alichochora 1903 alikuwa anakiona ngazini.

Sasa ubaya wa picha. Unasema yule mama hana sura ya mtu. Ni kweli, na imefanywa kusudi. Irudie tena uitazame taratibu. Amekaa chini, miguu ameikunja, goti limejaa mbele kama jiwe. Kichwa cha mtoto kimeangukia nyuma, cheupe. Uso wa mama umezama kifuani mwa mtoto, kama anayemnusa, au anayemla. Beate aliielewa vizuri kuliko wengi wetu tunaofundisha: aliandika kwamba mama yule, kwa macho, kwa midomo na kwa pumzi, anatafuta kuurudisha ndani yake uhai ambao zamani ulikuwa wa tumbo lake.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kijerumani. Mwanamke akiwa anajifungua tunasema ana uchungu. Akifiwa tunasema ana uchungu. Neno ni moja. Na mkao wa mama yule, miguu imekunjwa, mwili umejikaza kumzunguka mtoto, unaweza kuwa wa mzazi chumba cha kujifungulia. Käthe alichora neno uchungu lote kwa pamoja, bila kuchagua maana. Ukimpa sura nzuri na machozi mawili shavuni, kama Mariamu wa kanisani, nusu ya maana inaanguka.

Wachoraji wa Ujerumani waliokuja miaka michache baadaye, kama kundi la Die Brücke lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, ndio waliokuja kuitwa waekspresionisti: ukiumia, mstari nao uumie, rangi na umbo vifuate moyo, si jicho. Käthe hakujiunga na kundi lao lolote, na akitokea wa kuniambia hakuwa wao sitagombana naye. Alitangulia, kisha wakamkuta njiani.

Nirudi kwenye uchuro, maana najua ukiingia mtandaoni utakutana na mengine yatakayokutisha zaidi. Bora uyasikie kwangu. Paula Modersohn-Becker, Mjerumani pia, Mei 1906 alijichora yuko nusu uchi, ameshika tumbo kama mjamzito. Hakuwa na mimba. Mwaka uliofuata alipata, akajifungua binti mwanzoni mwa Novemba, na siku kumi na nane baadaye, alipoinuka kitandani, damu iliyoganda ikamuua. Alikuwa na miaka 31. Neno lake la mwisho linalosimuliwa ni "Schade", yaani masikini, hasara iliyoje. Na Egon Schiele wa Vienna, mwaka 1918, alichora familia: yeye, mwanamke, na mtoto mchanga miguuni. Mkewe Edith alikuwa na mimba ya miezi sita mafua ya mwaka ule yalipomchukua tarehe 28 Oktoba, na Egon mwenyewe akafuata tarehe 31. Mtoto wa picha hakuzaliwa.

Watatu, na wote walichora kabla. Ukivipanga hivi, hata mimi nywele zinasimama. Lakini tazama walioachwa nje ya orodha. Edvard Munch, Mnorway, alipoteza mama kwa kifua kikuu akiwa na miaka mitano, na dada yake Sophie kwa ugonjwa huo huo mwaka 1877. Picha yake ya mtoto mgonjwa kitandani aliianza 1885 na akairudia tena na tena kwa karibu miaka arobaini. Yeye alichora baada ya msiba. Na wale wote waliochora mama na mtoto, kisha mtoto akakua, akaoa, akazeeka? Hao hawana kisa cha kusimulia, ndiyo maana hatuwasikii.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo ningemwambia mama mkwe kama ningekaa naye mkekani. Kama picha ya msiba huleta msiba, basi picha ya kinga ingeleta kinga. Käthe aliichora hiyo pia. Majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942, mzee wa miaka 74, alichora mama mwenye mikono mikubwa kama mbawa za kuku, na chini ya koti lake wavulana watatu wanachungulia wakitaka kutoka. Jina la picha ni maneno ya Goethe, mwandishi Mjerumani: mbegu za kupandia zisisagwe. Alikuwa na mjukuu, mtoto wa Hans, mwanawe mkubwa, aliyepewa jina la marehemu: Peter. Septemba ya 1942 Peter wa pili akauawa vitani Urusi. Picha haikumlinda. Haikuwa na nguvu hiyo, kama ile ya 1903 isivyokuwa na nguvu ya kuua.

Käthe mwenyewe, kwa yote niliyoyasoma, hatia yake hakuiweka kwenye picha. Aliiweka mahali pengine, na hapo hakujisingizia.

Agosti 1914 Peter alitaka kujiandikisha kwa hiari. Hakuwa amefikisha umri, alihitaji idhini ya baba. Karl akakataa: taifa bado halikuhitaji, lingekuwa limekwisha kukuita. Peter hakubishana naye sana. Alimgeukia mama yake kwa macho. Mama akainuka, wakasimama mlangoni, wakakumbatiana, na Käthe akamwomba mumewe amruhusu mtoto. Karl akakubali. Yote hayo yamo kwenye shajara yake. Tarehe 30 Oktoba habari ikafika: mwanao amekufa vitani. Ni mama aliyembembeleza baba. Ukitaka kujua kilichomkosesha usingizi miaka yote iliyofuata, ni zile dakika chache za mlangoni.

Sasa angalia mkono wake ulivyobadilika. Kabla Peter hajafa, aliweza kumchora maiti. Baada ya kufa, hakuweza.

Desemba 1914 alianza kufikiria sanamu ya kumbukumbu. Katika wazo la kwanza Peter mwenyewe amelala, amenyooshwa, baba upande wa kichwani, mama upande wa miguuni. Alijaribu, akavunja, akajaribu tena, na mwaka 1919 akaacha kabisa. Katikati ya hapo, baada ya kuona michongo ya mbao ya Ernst Barlach, msanii Mjerumani, mwaka 1920, alikamata kisu na ubao, akatoa picha saba za mfululizo alioupa jina Vita. Ubao hauna kijivu. Ama umechonga pakawa peupe, ama umeacha pakawa peusi, kwa hiyo huzuni haina pa kujificha. Kuna moja inaitwa Wazazi: baba na mama wamepiga magoti, wameangukiana hadi wamekuwa fungu moja jeusi, huwezi kusema mgongo huu ni wa nani. Peter hayumo. Katika ile ya vijana waliojitolea yumo, lakini ni hai, karibu kabisa na Mauti anayepiga ngoma mbele.

Alipoirudia ile sanamu katikati ya miaka ya 1920, aliuondoa mwili. Wakabaki wazazi wawili wa mawe, kila mmoja peke yake juu ya kitako chake, na nafasi tupu kati yao. Baba amepiga magoti wima, mikono ameipitisha kifuani anajishikilia kama mtu mwenye baridi. Mama ameinama, amejitanda, kama unavyowaona akina mama kwenye mkeka siku ya pili ya matanga, sauti imekwisha. Nyuso ni za Karl na Käthe wenyewe. Ziliwekwa kwenye makaburi ya askari ya Roggevelde, Ubelgiji, Julai 1932. Toka kifo hadi siku hiyo ilikuwa imepita karibu miaka 18, na umri wa Peter ulikuwa 18.

Niruhusu nichepuke kidogo. Ukifika Dar es Salaam, katikati ya mji, utaikuta sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana vita vile vile vilivyomuua Peter. Askari wa shaba, bunduki mbele, anaielekea bandari. Maandishi yake yanamwahidi kwamba hata akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Wanawe! Kijana wa miaka 18 hana wana. Wapagazi waliokufa njiani kwa njaa na kuhara, waliotuachia jina la Kariakoo, hata majina yao wengi hatunayo. Kila nikipita pale huwa nawatafuta wazazi wa askari yule, kwa sababu Käthe amenizoesha kuwatafuta. Hawapo.

Siku za kuweka mawe yale, Käthe alisimama mbele ya mama wa jiwe, akaona uso wake mwenyewe, akalia, akayapapasa mashavu. Karl alikuwa nyuma yake karibu kabisa na yeye hakujua. Alimsikia tu ananong'ona: ndiyo, ndiyo. Baada ya vita vya pili makaburi yalikusanywa na sanamu zikahamishiwa Vladslo, ambako wamelala zaidi ya askari 25,000. Jina la Peter liko kwenye bamba la jiwe mbele ya baba. Mama ameinamisha kichwa, halioni.

Mwili wa mwanawe ulirudi mikononi mwake mara moja tu, akiwa bibi wa miaka sabini. Wanazi walikuwa wamekwisha kumtoa kwenye Chuo cha Sanaa cha Prussia, alikochaguliwa mwaka 1919. Tarehe 22 Oktoba 1937, siku Peter aliyofariki, aliandika kwamba anafinyanga sanamu ndogo iliyotokana na majaribio ya kumtengeneza mtu mzee. Mama amekaa, mwanawe mfu yuko kati ya magoti yake. Na akaongeza kwamba humo hamna tena maumivu, mna kutafakari. Urefu wake unakaribia sentimita arobaini, kitu cha kuweka juu ya kabati. Mwaka 1993 nakala kubwa yake iliwekwa Neue Wache, jengo la kumbukumbu la taifa huko Berlin, na watu wakagombana: wengine walisema sura ya mama wa Kikristo haiwasemei Wayahudi waliouawa, na mimi naona walikuwa na hoja. Juu yake paa lina tundu la mviringo lililo wazi. Mvua ikinyesha inamnyeshea, theluji ikianguka inatua begani.

Linganisha na picha yako ya simu. Ya 1903, mtoto ni wa kumbukumbu za wengine na mama anajaribu kummeza. Ya 1937, mtoto ni wake, na amemwachia nafasi: mkono wake mmoja uko mdomoni, wa pili umeugusa mkono wa mwanawe, basi.

Kuhusu simu, ushauri wangu ni huu. Itoe. Usiitoe kwa ajili ya Peter, itoe kwa ajili ya mama mkwe, maana simu inawashwa mara mia kwa siku na yeye anaishi nanyi humo ndani. Ihifadhi ndani, uitazame mwenyewe wakati wako. Na siku akiwa na nafasi, mwonyeshe ile ya mvua. Akikuuliza huyu ni nani, usianze na ekspresionizimu. Mwambie anaitwa Mama Hans, alizaa wawili, wa pili akafa vitani. Halafu mwache yeye aongee. Kama na yeye amezika mtoto, jambo ambalo huenda hajawahi kukueleza, utajua kwa nini picha ile ilimshtua kabla yako.